Dua Iliyogeuka Kiapo

Jumamosi, baada ya Alasiri.

Joto la leo halina adabu. Umeme umekatika tangu adhuhuri, feni imesimama juu ya kichwa changu, nami nimeketi chini kwenye saruji kwa sababu hakuna pengine penye ubaridi nyumba nzima. Simu ina chaji ya kutosha kuandika haya. Nina hasira. Nalisema mapema asije mtu akaanza kutafuta hekima humu.

Rafiki yangu amenisaliti.

Nimeliandika hilo, nikalifuta, nikaliandika tena. Nilitafuta neno jepesi zaidi. "Ameniudhi" halifiki. "Amenikosea" ni la mtu aliyekukanyaga sokoni akaomba radhi. Mimi kazi yangu ni maneno, na leo nimebaki na hilo moja.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Garissa. Msomali, ndiyo, na nafundisha Kiswahili, ndiyo, na nimeshauzoea uso wa mtu anaposikia hayo mawili pamoja. Naishi na mama yangu, Hooyo, ambaye magoti yamemkataza kutoka nje lakini hayajamkataza kujua kila kitu. Naandika hapa kwa sababu kwetu Kiswahili ni cha dukani na ofisini, na hakuna shangazi atakayeketi kusoma shajara ya Kiswahili kwa hiari yake.

Rafiki mwenyewe nitamwita Khadra. Jina nimelibadilisha. Siri zangu hakuzitunza, lakini hilo halinipi ruhusa ya kutangaza jina lake.

Khadra ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Ndiye ustadha wa mtaa wetu. Asubuhi anasomesha watoto Kurani, na kila Jumapili baada ya Alasiri anafundisha akina mama mambo ya dini kwenye nyumba moja yenye sebule kubwa. Mimi ni mwanafunzi wake huko. Siku za wiki watoto wa watu wananiinulia mkono, Jumapili nainua wangu. Sijawahi kuona haya kwa hilo. Dini anaijua, na anaifundisha bila kumtisha mtu.

Kwenye siasa hatujawahi kukubaliana hata jambo moja.

Mimi naamini kura ni ya mtu mmoja. Anaingia nayo kibandani peke yake na anatoka peke yake. Khadra anaamini kura ni ya watu wote, sawa na kisima. Wazee wakikaa wakagawana viti kwa koo, wakasema safari hii ni hawa na safari ijayo ni wale, kwake hiyo ni rehema. Kwangu ni wanaume wachache wakinywa chai na kuniamulia. Mimi nasema Msahafu usipandishwe jukwaani. Yeye ananiuliza, mtu anayeacha dini mlangoni akienda kuchagua kiongozi, Mungu amemwacha wapi?

Tumebishana hivyo miaka, na tumebishana kwa Kiswahili. Mwanzoni tulikuwa tukitumia lugha yetu, lakini Kisomali kina makali. Kina misemo ya kusimanga, kina majina ya mababu hadi huko, na jina moja la ukoo likitajwa vibaya chai inaharibika. Tena ukibishana Kisomali, Hooyo anasikia kutoka jikoni na anaingia na maoni yake. Siku moja mambo yalipopamba moto, Khadra aliinua kiganja akasema, "Ngoja, Sahra. Wacha tuongee Kiswahili. Kwa Kiswahili sisi wote ni wageni, hakuna mtu atashinda."

Tukacheka sana, na ikawa kanuni yetu. Kiswahili chake ni cha sokoni. Herufi zinamponyoka, "pole" inakuwa "bole", ngeli anazipita bila hata kuzisalimu. Sijamsahihisha hata mara moja. Mwalimu wa lugha kujizuia hivyo kwa miaka, jamani, sidhani nimewahi kumpa binadamu mwingine heshima kubwa kuliko hiyo.

Kanuni ya pili ilikuwa ya chai. Aliyekasirika ndiye anayemimina. Huwezi kumimina chai ya moto kwenye kikombe kidogo huku ukitafuta tusi. Mara ukimaliza kumimina, hasira imepungua kiasi cha kusikia mwenzako anasema nini. Tangu kampeni zianze namimina mimi karibu kila Jumamosi.

Niliwahi kumuuliza kwa nini anawaamini wazee namna ile. Akanieleza habari za kaka yake. Kwao Diff, kabla hajaolewa, mtu mmoja alikataa maafikiano ya wazee akagombea kwa ubishi. Matokeo yalipotoka watu walipigana kisimani, na kaka yake, ambaye hata hakuwa amepiga kura, akaletwa nyumbani amefunikwa shuka.

"Wewe naita hiyo kura," aliniambia. "Mimi nimeona inakuja na shuka."

Nilimimina chai ingawa hakuna aliyekuwa na hasira.

Siku hiyohiyo nami nikampa yangu. Baba yangu alikuwa mfugaji upande wa Bura. Mtu mmoja alidai kwamba ngamia jike wa baba ni wake. Alama ya moto kwenye shingo ya yule ngamia ilikuwa ya ukoo wetu na kila mtu aliijua. Wazee wakasema, basi apa kwa Msahafu umchukue. Baba akakataa. Alikuwa na haki na akakataa, akasema Msahafu haushikwi kwa ajili ya ngamia, akampa yule mtu kamba. Sisi watoto tulilia, maana yule ngamia ndiye aliyekuwa akitunywesha maziwa. Tangu hapo kiapo nakiogopa kuliko ninavyoogopa ugonjwa.

Nilimwambia Khadra waziwazi. Nilimwambia, mimi nikishika Msahafu nikatamka, nimekwisha. Hata nikiapa upuuzi, sitaweza kukivunja kiapo hicho mpaka naingia kaburini. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipapasa mkono, akasema baba yangu alikuwa mtu wa Mungu.

Sasa Alhamisi.

Binamu yangu Ifrah ana mimba yake ya kwanza na siku zimefika. Mama yake ni habaryar Dahabo, mdogo wake Hooyo, anayeishi Galbet. Akaandaa kisomo nyumbani kwake ili binti yake aombewe ajifungue salama. Khadra ndiye wa kuongoza. Akanipigia asubuhi.

"Kuja mabema, abaayo, tuswali Alasiri bamoja," akasema, akiniita dada kwa Kisomali. "Na uje na udhu."

Nilicheka. Nani anakwenda kisomoni bila udhu? Sikufikiria zaidi ya hapo.

Tuliswali bega kwa bega, mimi na yeye. Kisha tukagawana juzuu, sebule ikajaa sauti za wanawake, wengi wao wa darsa letu la Jumapili, wakisoma, kila mmoja na mahali pake. Ubani ulikuwa mwingi hadi macho yanawasha. Ifrah alikaa kwenye godoro amenyoosha miguu iliyovimba, akijipepea na kifuniko cha sufuria. Khadra aliomba dua ndefu na nzuri. Aliomba kwa mwenye uchungu, kwa mtoto aliye njiani, kwa wanawake waliokufa wakizaa. Nililia kidogo, na si mimi peke yangu.

Halafu zikaja sambusa na chai ya maziwa ya ngamia, na pamoja na chai wakaingia wanawake watatu nisiowafahamu. Mmoja alikuwa mke wa yule ambaye wazee wamempa kiti cha wadi yetu. Walibeba tende na mafungu ya baati mpya, nguo moja kwa kila mwanamke. Habaryar akawaketisha mbele.

Sikushtuka. Msimu ni wa kampeni, na siku hizi hata mazishini humkosi mgombea. Nikajiambia nitakula tende zao, nitavaa nguo yao, na siku ikifika nitampigia mtu wangu.

Mtu wangu ni mama mmoja mkunga mstaafu. Ni wa ukoo mdogo, hivyo wazee hawakulitaja hata jina lake. Lakini wanawake wote wanamjua. Nusu ya waliokuwa sebuleni mle amewazalisha yeye. Ifrah mwenyewe alipokelewa na mikono ile ile. Nilikuwa nikilifikiria hilo huku natafuna tende, na nilikuwa hata natabasamu.

Khadra akasimama. Alikuwa ameushika Msahafu kwa mikono miwili, umefungwa kitambaa cha kijani. Akaanza kuzungumza Kisomali, Kisomali kizuri, kile kisichohitaji kupaza sauti. Alisema umoja ni ulinzi. Alisema wazee wametupunguzia mzigo wa kugombana. Alisema leo tumekaa na malaika kwenye dua na hakuna saa nzuri kuliko hii ya kufunga ahadi. Kisha akafungua kitambaa.

Hapo nikaelewa.

Habaryar Dahabo aliapa wa kwanza, kwa raha kabisa, kama anayepokea mgeni. Wallahi, billahi, tallahi, kura yangu ni ya fulani. Akafuata jirani yake. Akafuata Ifrah, na mwanamke mmoja akasema na wa tumboni aapishwe pia, watu wakacheka. Khadra alikuwa akizunguka taratibu, akiinama mbele ya kila mmoja.

Nilitafuta pa kutokea. Ningesema sina udhu. Lakini aliyeushika Msahafu ndiye niliyetoka kuswali naye bega kwa bega. Ningesema nimeingia kwenye siku zangu, na jibu lingekuwa lile lile. Ningesimama nikatoka, na sebule nzima, na Galbet nzima kabla ya Magharibi, ingejua kwamba Sahra mwalimu ameukataa Msahafu. Kwa Kisomali sentensi hiyo haina maelezo ya ziada yanayoweza kuiokoa.

Akafika kwangu. Akaniangalia machoni. Ningemwona na chuki, au hata na ushindi, leo ningelala usingizi. Hakuwa navyo. Alikuwa na uso wa mtu anayemshika mtoto mkono ili achomwe sindano.

"Sahra," akasema, hilo tu.

Mkono wangu ulikwenda. Maneno yalitoka kinywani mwangu, na sauti ilikuwa yangu. Akasogea kwa mwanamke aliyefuata.

Jana Ijumaa sikutoka chumbani. Hooyo aliniuliza nina nini, nikamweleza. Alifikiri kidogo huku akivuta tasbihi. "Umeapa?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Basi umeapa," akasema, akarudi kwenye tasbihi yake. Kwake habari imekwisha.

Kwangu haijaisha. Tangu Alhamisi naona kibanda cha kura, naona karatasi na kalamu, na naona mkono wangu ukienda penyewe tena. Nitampigia kura mtu ambaye kila siku nasema hafai, na nitampigia kwa uaminifu, kwa sababu mimi ni binti wa baba yangu.

Asubuhi ya leo Khadra alikuja. Jumamosi ndiyo siku yetu. Alibisha hodi na chupa yake ya chai kana kwamba hakuna kilichotokea, akaniamkia kwa Kisomali. Nikamjibu kwa Kiswahili akae.

"Umekasirika," akasema.

"Nimekasirika."

"Basi mimina."

Sikumimina. Chupa ilikaa katikati yetu na kila mmoja aliitazama. Hii ni mara ya kwanza tangu tujuane.

"Mimi sikukamata mkono yako," akasema mwishowe. "Wewe umeweka bolebole, wewe mwenyewe."

Nikamuuliza nani aliyemwambia kwamba nikiletewa Msahafu siwezi kukataa. Nikamwambia habari ya baba sikumpa imamu, sikumpa mkuu wa shule, hata Hooyo hajui kwamba bado inanitesa. Nimempa mtu mmoja tu duniani.

"Kura moja inaleta fita, Sahra." Alinisogelea. "Wewe hujafunika kaka yako. Ukoo moja ikitoka, yote inatoka. Mimi nalinda wewe na wale watoto yako ya shule. Utaelewa siku nyingine."

Namwamini. Naandika hili kwa hasira zangu zote na bado namwamini. Hakupewa kitu. Baati yenyewe alimwachia Ifrah. Alifanya alichofanya kwa sababu anaona shuka kila akisikia neno kura, na akaamua kwamba kati ya dhamiri yangu na shuka jingine, dhamiri yangu ni bei ndogo. Lakini hakuniuliza mimi mwenye dhamiri.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sikulipanga. Nilishuka kwenye kiti, nikakaa chini kama ninavyokaa Jumapili, nikainua mkono.

"Ustadha, nina swali la dini."

Alijaribu kutabasamu. Akaona sitabasamu.

"Mtu akiapa kufanya jambo," nikasema, "kisha akaona jambo lingine ni bora kuliko lile aliloapia, afanye nini?"

Nje mtu alikuwa akivuta mkokoteni wa maji na gurudumu moja lililia njia nzima. Niliogopa. Angeweza kuniambia chochote. Ni ustadha, mimi ni mwanafunzi, na ninachojua kuhusu viapo ni hofu tupu. Kama angenidanganya kwenye dini, basi nisingekuwa nimepoteza rafiki tu. Ningekuwa nimempoteza na mwalimu.

Khadra aliinamisha kichwa. Akajibu kwa sauti yake ya Jumapili, ile ya taratibu, akiutazama mkeka.

"Anafanya ile bora. Halafu anatoa kafara ya kiabo. Analisha maskini kumi, au anavalisha. Kama hana uwezo, anafunga siku tatu."

"Hata kama aliapa ameshika Msahafu?"

"Hata."

Kwa muda mfupi nilikuwa na furaha tupu, furaha ya mtoto. Kumbe kuna mlango. Baba hakuniambia, au labda hakuujua mwenyewe. Kisha ile furaha ikageuka ndani yangu.

"Kwa hiyo Alhamisi ulilijua hili."

"Mimi najua hii tangu nikiwa mdogo."

"Na ulijua kwamba mimi silijui."

Akaniangalia. "Nilijua hutauliza," akasema. "Nilijua wewe naogoba."

Alilisema bila ukatili wowote. Alilisema kama daktari anavyokutajia kundi lako la damu.

Nikamuuliza, na wale wengine? Habaryar Dahabo, Ifrah, wale wote walioapa huku wanacheka, wanajua kwamba wakibadili nia kuna kafara na maisha yanaendelea? Akasema hawajui. Hawajawahi kuuliza na somo la viapo halijafikiwa.

"Kesho ni darsa," nikamwambia. "Wafundishe hilo kesho. Usitaje kura, usitaje mtu yeyote. Fundisha somo la viapo tu, basi."

Akachukua chupa ya chai. Akakaza kifuniko ambacho kilikuwa kimekazwa tayari. Akasimama.

"Nitawafundisha," akasema. "Baada ya kura, inshallah."

Akaondoka.

Nimekaa na maneno hayo tangu asubuhi. Baada ya kura, inshallah. Angenidanganya ningepumua. Ningemwita mnafiki, ningefunga mlango, ningemtafuta ustadha mwingine. Lakini hakudanganya. Alinipa hukumu kamili bila kupunguza herufi. Dini anayo yote kifuani, salama, ila ameifungia kama mwenye duka anayeficha sukari mpaka bei ipande.

Kila muhula wanafunzi wangu huniandikia kwenye insha kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Huwa naipitia kwa kalamu nyekundu huku napiga miayo. Leo nimeisema kwa sauti hapa sakafuni, peke yangu, na sikupiga mwayo.

Nilijivunia sisi wawili, huo ndio ukweli. Watu wakitukanana kwenye simu zao, wakikatana undugu kwa ajili ya mgombea, mimi nilikuwa nikisema moyoni, njooni muone kwetu. Njooni muone wanawake wawili wasiokubaliana chochote wakigawana sambusa. Sikujua kwamba kubishana kwa heshima kuna hatari yake. Adui nisingemweleza habari za yule ngamia. Mpumbavu wa mtandaoni anayenitukana hajui ninapoumia, anapiga gizani. Khadra nilimwonyesha mwenyewe, mchana, kwa mkono wangu, kwa sababu alikuwa akinisikiliza vizuri.

Basi nisimweleze mtu kitu tena? Nimeliwaza. Ni wazo lenye ubaridi mzuri siku ya joto kama hii, lakini najua sitaliweza. Mimi ni mtu wa kusema.

Nimewaza na jambo lingine, na hili si zuri. Kesho naweza kukaa mbele ya akina mama wote nikainua mkono nikauliza swali lile lile. Khadra atajibu kweli. Hana uwezo wa kufanya vingine, kwenye dini ulimi wake haupindi, hata mbele ya mke wa mgombea. Atajibu, na wanawake watasikia, na kile kiapo cha Alhamisi kitalegea sebule nzima.

Nimelijuaje hilo? Nimelijua kwa urafiki. Kama yeye alivyojua langu.

Nilikaa na wazo hilo hadi jasho likanikauka. Nikimvizia kesho mbele za watu, nitakuwa nimempata pale pale penye udhaifu wake, kwa kitu alichonionyesha akiwa ananiamini. Tena si yeye tu. Kama hofu yake ni ya kweli? Kama ahadi ya wazee ikifunguka, watu wakashikana, na mwanamke fulani akaletewa kaka yake amefunikwa? Nitamwambia nini, kwamba nilikuwa nauliza swali la dini?

Naliandika hapa bila jibu. Ninachojua ni kwamba amani inayosimama juu ya wanawake waliofichwa hukumu ya Mungu wao siwezi kuiita amani, na Khadra mwenyewe, siku ambayo hana hofu, hangeiita hivyo.

Na lile la kumvizia nimepata la kufanya.

Kabla ya Alasiri nilimwandikia ujumbe. Kiswahili chepesi, ili asihitaji kuuliza mtu: "Khadra, kesho kwenye darsa nitauliza swali la kiapo mbele ya wote. Nakwambia leo. Ukitaka kulifundisha mwenyewe kabla sijauliza, itakuwa bora na sitasema neno. Ukitaka kuwaeleza habari za kaka yako, waeleze, wana haki ya kusikia na hilo pia. Nakwambia mapema kwa sababu wewe hukuniambia."

Sentensi ya mwisho niliifuta mara mbili, ilikuwa na uchungu. Mwisho nikaiacha, kwa kuwa ni kweli na kwa kuwa mimi si malaika.

Ameusoma. Hajajibu. Kwa hapa ninapokaa, ukuta wetu ni mwembamba, na nimemsikia akifungua mlango wake wa nje. Nilidhani anakuja. Nilisimama hata nikajifunga mtandio. Baada ya muda akaufunga tena.

Haya nitayaweka umeme ukirudi. Hooyo ananiita, anataka kujua kwa nini Khadra leo ameondoka na chai yake. Sijui nitamjibu nini, na Hooyo si mtu wa kujibiwa "hakuna kitu".

Kesho ni Jumapili. Huenda nikarudi kutoka darsani bila rafiki, huenda rafiki mwenyewe nilishampoteza Alhamisi na bado sijaizoea habari hiyo. Nitakwenda hivyo hivyo. Safari hii hakuna atakayesema hakuambiwa.